Mkebe Uliotolewa Shimoni

Nyinyi mlioinua mikono Jumamosi ile ukumbini, nawaandikia nyinyi.

Pasta kijana aliyekuja kufundisha semina aliwauliza swali la kuwachangamsha baada ya nyimbo. Alisema, tuseme njaa imekushika kabisa, njaa ya kufa, wangapi hapa wanaweza kula nyama ya mtu? Hakuna mkono. Akauliza, wangapi heri wafe? Mikono yote ikapanda, mingine miwili miwili. Halafu mmoja wenu, yule kijana wa shati jeupe, akasimama akasema mtu anayekula mtu si mtu wa kawaida, ana pepo, na hata hapa Voi tunao, wanatembea. Mkapiga makofi.

Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi.

Siku ile pilau ilichelewa kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Ilichelewa kama lisaa limoja. Mlikuwa mmekunywa chai na mkate asubuhi. Nilipotoa sufuria mlisukumana mpaka meza ikalala, mama mmoja wa kamati akakanyagwa mguu, na yule wa shati jeupe akarudi kwenye foleni mara ya pili akaniambia sahani hii ni ya dada yangu, ni mgonjwa. Dada yake nilikuwa namwona. Alikuwa amekaa dirishani anakula.

Nilikuwa kazini. Leo siko kazini.

Jina langu ni Wakesho. Nina miaka thelathini na moja na nimestaafu. Msicheke. Kazi niliyostaafu ni kupika machimboni, kule chini kupita Marungu, kwa watu wanaotafuta mawe ya kijani. Hakuna aliyeniletea keki wala saa ya ukutani. Nina watoto wawili. Mume wangu anaitwa Mwakio, na ndiye huyo mliyekuwa mnamwongelea, huyo mwenye pepo. Hamkujua mke wake ndiye anawapikia pilau.

Wasichana wawili kati yenu mmenitumia meseji baadaye, mkaniuliza kama kule machimboni bado wanataka wapishi. Kwa hivyo nitajibu mambo mawili pamoja, la kazi na la mikono yenu.

Tuanze na maharagwe.

Siku yangu ya kwanza nilidhani najua kupika kwa sababu nimepika kwetu Mghange tangu niko mdogo. Kule juu maji ni matamu. Kule chini kisima kina maji ya chumvi, na mimi nikamimina maharagwe, nikawasha moto, nikaongeza chumvi yangu juu. Yalichemka asubuhi mpaka mchana. Wanaume walitoka shimoni wamejaa vumbi mpaka kope, wakakaa chini, wakatafuna. Nilisikia meno.

Nyange ndiye aliongea. Alikuwa rafiki ya mume wangu, kijana hajaoa, mdomo haukai. Alitoa haragwe moja mdomoni akaliinua juani.

"Shemeji," akasema, "hii ni maharagwe ama ni mali ya tajiri? Tuipeleke kwa mnunuzi ipimwe?"

Walicheka mpaka mmoja akasakamwa. Mwakio alikula yake yote, na usiku akaumwa na tumbo, hiyo ndiyo ndoa.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Rehema. Ni mama wa Kiislamu wa hapa Voi, watu wao walitoka pwani zamani, na alikuwa anapika machimboni tangu mimi niko shule ya msingi. Alionja maharagwe yangu, akatema pembeni kwa adabu.

"Mwanangu, maji ya kisima hiki hayaivishi kitu. Chukua ya mvua, yale ya tangi. Na chumvi itie mwisho kabisa, ukiwa tayari wapakua."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Ugali wa mtu anayeingia shimoni uwe mgumu, kwa sababu ule laini unachacha kabla ya jioni na joto la chini linamtapisha. Mafuta yawe kidogo. Mchicha wenye mchanga usipeleke, huyo mtu anakula mchanga siku nzima, angalau mboga iwe mboga. Na umwangalie mtu anavyokula. Bi Rehema alikuwa akikaa na kikombe chake anaangalia tu. Anayekula polepole yuko sawa. Anayekula haraka bila kuangalia sahani, jua shimo lake lina nyufa na anaogopa kusema. Mara mbili nilimwona akienda kwa wachimbaji wazee kuwaambia wakaangalie nguzo za shimo fulani, na mara zote mbili kulikuwa na kitu.

Nyange yeye alikula akipiga simu. Kila mchana alipanda juu ya mwamba mahali palipo na mtandao, mama yake anapiga kutoka Mghange, na sisi wote tunasikia kwa sababu simu yake ilikuwa inapiga kelele kama redio.

"Umekula?"

"Nimeshiba, mama."

Hata kabla sijapakua alikuwa ameshiba. Tulimtania. Siku moja nikamwambia, wewe unamdanganya mama yako na mimi sufuria bado iko jikoni. Akasema, "Shemeji, nikimwambia sijala hatalala. Na mimi nitakula tu, si uko hapa?"

Sasa nifike kwa mkebe, na mniskize vizuri.

Kila shimo lilikuwa na mkebe wa akiba. Ni mkebe ule mkubwa wa mafuta ya kupikia, una kifuniko, na ndani unatia mahindi makavu ya kukaanga, njugu, na sukari guru. Unaning'inizwa kwa msumari pale njia ya chini inapokata kona, pamoja na jerikeni ya maji. Hakuna anayeugusa. Kila Jumatatu mpishi anautoa, yale ya zamani yanaliwa na wote pamoja pale juu, wanatia mapya. Wanakula pamoja makusudi, ili kila mtu akumbuke uko wapi. Anayeuiba hashuki tena na hao watu, hata kama ni ndugu yao. Hakuna aliyeandika hiyo sheria. Bi Rehema aliikuta na mimi nikaikuta.

Mwanzoni nilimuuliza kwa nini tunatia vitu vitamu hivyo mahali watu wana njaa kila siku. Alisema, "Huu si wa njaa, mwanangu. Huu ni wa siku ambayo hakuna mlango."

Halafu kuna mmoja akaficha jiwe ndani yake.

Mjue jinsi wanavyopekuliwa. Mchimbaji akitoka shimoni anavua viatu, anakung'utwa nywele, anafungua mdomo kama ng'ombe mnadani anaangaliwa chini ya ulimi. Kwa hivyo mmoja akachukua jiwe lake akalizamisha ndani ya njugu, akijua mkebe unatoka Jumatatu. Nyapara, msimamizi wa tajiri mwenye machimbo, akalipata. Yule aliyelificha alifukuzwa, na sikumlaumu sana, hata yeye alikuwa na watoto. Lakini nyapara akapiga simu kwa tajiri, kisha akasimama mbele ya jiko.

"Kuanzia leo hakuna chakula kinashuka chini. Maji sawa, jerikeni unaona ndani. Mikebe yote itolewe."

Bi Rehema alikuwa anaosha mchele. Hakuinuka. "Baba, ukitoa mkebe, na mimi natoa sufuria zangu."

"We mama, toa tu."

Alimaliza kuosha ule mchele, akaupika, akawapakulia wote, akafunga sufuria zake kwa leso akaenda zake. Mimi nilibaki. Nilikuwa na mmoja ananyonya na mwingine anaanza shule, na mkirusha maneno kuhusu hilo tutakosana zaidi. Ila nilitengeneza mkebe mwingine mdogo, Mwakio akaushusha ndani ya shati. Nyapara akauona baada ya siku chache. Aliuleta jikoni, akaufungua mbele yangu, akamwaga chini. Kuku wakaja. Walikula akiba ya mume wangu mpaka njugu ya mwisho na mimi nimesimama pale.

Mimi ni mtu wa hasira, nilizaliwa nayo. Bibi yangu kule Mghange alikuwa akiniona nimefura ananiita uani ananitasia. Nyinyi wengine mmezaliwa mjini hamjui. Kutasa ni desturi yetu Wadawida: unachukua maji mdomoni, unayapuliza chini, unasema maneno ya heri, na ile hasira uliyoiweka moyoni inatoka na yale maji. Wazee wanasema hasira ikibaki ndani inamletea ugonjwa mtu mwingine, si wewe. Kanisani hawataki kusikia habari hizo lakini wazee hata wa kanisa wanafanya, kimyakimya, nyuma ya nyumba. Siku ile ya kuku hapakuwa na bibi.

Shimo liliporomoka asubuhi moja nikichagua mchele. Kishindo hakikuwa kikubwa. Ni kama jirani ameshusha gunia nyumbani kwake. Kisha vumbi likatoka mdomoni mwa shimo, polepole, na wanaume waliokuwa juu wakaanza kuita majina. Waliokuwa chini ni wawili, Mwakio na Nyange.

Tajiri alisema kwa simu asiitwe mtu yeyote wa serikali mpaka yeye afike. Alifika kesho yake akiwa na viatu safi. Alikuwa na wasiwasi wa kibali. Sisi tulikuwa tumeshaanza kuchimba kwa tindo na karai na mikono, na Mzee Mwandoe ndiye alikuwa anaongoza, mchimbaji mkongwe kuliko wote pale, mtu asiyeongea. Kila walipofungua kidogo, juu palishuka tena. Siku zikaenda. Wiki ikaisha na nyingine ikaanza. Serikali ilikuja, ikasema mashine itafutwe, mashine haikupatikana. Nyapara akasema waliobaki chini sasa ni marehemu, tufanye maombi, kila mtu arudi kazini kwa mashimo mengine. Kulikuwa na pasta pia. Pasta hakosekani.

Nilikuwa napika. Mnajua hilo? Nilikuwa nawapikia wanaochimba, kila siku, kwa sababu mtu hawezi kuchimba na njaa. Nilipakua ugali nikijua kuna midomo miwili chini ya miguu yangu na ile misumari ya mkebe iko mitupu.

Mzee Mwandoe alikataa kuacha. Alikuwa amepitisha chuma kirefu kati ya mawe, akawa anakigonga na kuweka sikio. Siku moja aliinua mkono. Tukanyamaza wote mpaka jenereta ikazimwa. Kuna mtu alikuwa anagonga kutoka upande wa pili. Mmoja, si wawili.

Walipofungua, zaidi ya wiki mbili zilikuwa zimepita. Mzee Mwandoe aliingia kwanza peke yake. Alikaa huko kidogo, kisha tukasikia sauti yake.

"Leteni blanketi. Mbili. Na mtu asishuke."

Nyapara akashuka. Alishuka na tochi na simu. Mzee Mwandoe alikuwa amevua koti lake amemfunika Nyange, na nyapara akaliinua lile koti.

Picha mliziona. Msiniambie hamkuziona, Voi nzima iliziona, zilitembea kwa simu zenu kabla mama yake hajaambiwa mtoto amekufa.

Kilichotokea chini nitakisema mara moja. Mwamba ulimshika Nyange miguu. Mwakio alijaribu kuutoa na hakuweza. Walikuwa na jerikeni ya maji na maji yaliyokuwa yanadondoka ukutani, hayo ndiyo yaliwaweka hai. Nyange aliishi siku kadhaa, akafa kwa yale majeraha. Daktari alilisema hilo waziwazi na polisi wakaondoka: alikufa kwa mwamba, si kwa mkono wa mtu. Mwakio alikaa na maiti gizani. Alitafuna mkanda wake. Alitafuna kamba. Alikula udongo. Halafu akakata, kwa kile kisu kidogo cha kukatia fyuzi za baruti, kwenye paja la Nyange.

Ndiyo. Alikula. Mlitaka kusikia na mmesikia.

Walipomtoa juu nilimshika kichwa. Mtu niliyekuwa namjua mwili wote sikumjua. Macho yamefungwa kitambaa, jua lisimchome. Nikasema, "Baba Mghoi, ni mimi." Neno la kwanza alilosema ni, "Usinipe chakula."

Nilidhani amechanganyikiwa.

Bi Rehema alikuja kutoka Voi alipopata habari. Alikuja na uji mwembamba kama maji ndani ya chupa ya chai. Hili nalo mlishike, wasichana, linaokoa: mtu aliyekaa na njaa muda mrefu usimshindilie chakula, utamuua wewe mwenyewe. Kijiko, unangoja, kijiko, mpaka umfikishe hospitali. Alikuwa anamlisha hivyo ndani ya kibanda wakati tajiri alituma mbuzi. Mbuzi mzima, wachimbaji wafurahi, mmoja amepatikana. Wakachoma. Ule moshi ukaingia kibandani, na Mwakio, ambaye hakuwa anaweza kuinua mkono, alitambaa kwa tumbo akatoka upande wa pili. Bi Rehema akafunika ile chupa ya uji. "Alijua," akasema. Nikamuuliza, nani alijua? Akasema, "Tumbo lake, mwanangu. Ndilo lilikwambia usimpe chakula. Sisi ndio hatujui."

Basi tulirudi Voi. Nikafungua meza ya viazi karai na chapati karibu na stendi. Siku ya kwanza mama mmoja akanong'ona, siku ya pili vijana wakapita wakisema, "Hizo ni za kwa mla watu, angalia kama zina kucha." Viazi vikabaki, tukavila sisi. Tukavila mimi na watoto, kwa sababu Mwakio hakuwa anakula mbele ya mtu. Uji alikunywa nyuma ya nyumba, amegeukia ukuta. Ugali aliuacha. Nyama sikupika tena. Nilikuwa naona mifupa ya shingo inatokea moja moja. Hospitalini waliniambia tumbo lake ni zima, hakuna kinachomzuia. Nilikuwa nimempata mtu kutoka chini ya mwamba, na sasa anafia juu, polepole, sahani imejaa mbele yake.

Mghoi, binti yetu mkubwa, alirudi kutoka shule siku moja akatupa begi.

"Mama, baba alikula anko Nyange?"

Nilikuwa nakata vitunguu. Nikaweka kisu chini. Ningeweza kusema wenzake wanadanganya. Wengi wenu mngesema hivyo.

"Ndiyo."

"Alimuua?"

"Hapana. Anko Nyange alikufa na jiwe. Baba alikuwa na njaa na hakukuwa na mlango."

Akafikiria. "Ilikuwa siku ngapi?"

"Nyingi."

"Sasa hao watoto nitawaambia nini?"

"Waambie hivyo hivyo. Halafu waulize wao wamewahi kukosa chakula siku ngapi."

Alienda akawaambia. Mwalimu akaniita. Nikamwambia na yeye hivyo hivyo, akaniangalia kama nimemtemea mate.

Nyange alizikwa kwao Mghange. Wazee walitutumia neno, Mwakio asikanyage matangani. Hatukwenda. Nilidhani yameishia hapo, tutaishi hivyo na watu kugeuza shingo. Kisha asubuhi moja nikatoka kumwaga maji, nikamkuta mama yake Nyange amesimama nje ya mlango na kikapu. Nilimjua kwa sauti, ile ya kwenye simu, kabla ya uso.

"Yuko?"

Sikujua nimpe kiti ama nimfungie mlango. Nikasema, "Yuko, mama. Karibu."

Aliingia. Mwakio alikuwa amekaa kitandani. Alimwona akateremka akakaa sakafuni, hivyo tu, kama mtoto. Mama Nyange alibaki amesimama. Ni mwanamke mfupi, mikono ya jembe.

"Watu wananiambia mengi," akasema. "Nimekuja kwako. Ulikula?"

"Nilikula, mama."

"Alikuwa bado anapumua?"

"Hapana, mama. Nilikaa naye sana kwanza. Nilikuwa nimemshika mkono. Ulipoa, na mimi bado nimeushika."

Alimpiga. Kofi moja, la nguvu, lile la kumpiga mtoto wako mwenyewe. Mimi niliruka. Aliniinulia mkono bila kunitazama, nikasimama pale pale.

"Alisema nini?" akauliza.

Hilo Mwakio hakuwahi kuniambia hata mimi.

"Alisema mama akiuliza, mwambie nilikuwa nimeshiba."

Mama Nyange akakaa. Hakukaa kwenye kiti, alikaa chini pale alipokuwa, miguu imenyooka mbele, kikapu mapajani. Alilia bila sauti na bila kujifuta. Nilikuwa nataka kumshika na nikaogopa. Kisha akaniambia, "Mama, nipe sahani."

Ndani ya kikapu alikuwa na kimanga, mihogo na maharagwe vimepondwa pamoja, bado ni vuguvugu, vimefungwa kwa jani la mgomba na juu yake kitambaa. Alikuwa amekipika kabla ya alfajiri akashuka nacho kutoka kule juu. Alipakua kikajaa sahani. Akaisukuma mbele ya Mwakio.

"Kula."

"Mama, siwezi."

"Umeweza kula mtoto wangu gizani, utashindwa na kimanga changu mchana? Kula nikuone. Yule alinidanganya kila siku ameshiba, na mimi nilijua. Wewe hutanidanganya. Nitakaa hapa."

Na alikaa. Mwakio alichukua kwa vidole, kidogo kama cha mtoto mchanga. Akameza. Akangoja. Nilikuwa nangoja nikiwa na beseni mkononi kwa sababu nilijua kitarudi. Hakikurudi. Akachukua tena. Alikula akilia, machozi na kamasi zote zikaingia kwenye sahani, na yule mama alikuwa anaangalia kila tonge likienda mpaka chini, jinsi Bi Rehema alivyokuwa anaangalia. Kila akisimama, anaambiwa, "Bado."

Wasichana, mlitaka jibu la kazi. Ukienda kupika mahali popote watu wanaposhuka shimoni, kabla hujauliza mshahara, uliza mkebe uko wapi. Shuka mwenyewe ukauone. Wakikwambia chakula hakishuki, chukua sufuria zako kama Bi Rehema. Sisemi mtu wa kawaida hawezi. Mtu wa kawaida anaweza, nimelala naye kitanda kimoja, anaogopa mende na hulia kwenye harusi. Anaweza na wewe unaweza, na yule wa shati jeupe atakuwa wa kwanza. Ila mahindi ya kukaanga na njugu zingetosha. Zingewatosha wote wawili wakizigawa vizuri, na Nyange angekufa kwa jiwe tu, na mama yake angemzika mzima. Kuku ndio walikula.

Sahani ilipoisha Mama Nyange aliomba maji. Nikamletea kwenye jagi na kikombe. Tukatoka wote watatu nyuma ya nyumba, pale Mwakio alipokuwa anajificha na uji wake. Mama Nyange akachukua maji mdomoni, akayapuliza chini.

"Moyo wangu uwe baridi," akasema. "Huyu ale, ashibe, awaone watoto wake."

Akapuliza tena. "Na yule aliye chini asinidai."

Akampa Mwakio kikombe. Mwakio akapuliza, hakuweza kusema neno, akapuliza tu, na yule mama akasema, "Inatosha."

Kisha kikombe kikaja kwangu.

Nilichukua maji. Nilikuwa nimejaa ile hasira nataka kuitoa, Mungu anajua, nilikuwa nimechoka nayo. Nikayashika mdomoni. Nikafikiria lile koti la Mzee Mwandoe likiinuliwa, simu ikipiga picha. Nikafikiria wale kuku. Juzi nilikuwa nimesikia tajiri amefungua shimo jingine upande ule ule, nyapara ni yule yule, na vijana wameshaanza kushuka na jerikeni ya maji peke yake, kwa sababu inaonekana ndani.

Nikameza.

Mama Nyange aliona koo langu likishuka.

"Umemeza."

"Nimemeza, mama."

Nilidhani atanipiga na mimi. Alichukua kikombe mkononi mwangu, akamwaga yaliyobaki chini, akakipindua juu ya jagi.

"Basi ikae," akasema. "Lakini usimpikie nayo."